Msanii Mgeni na Baraza la Mjini

Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kumshika mtunzi peke yake. Tunachukua kazi yake, tunaigawa fani na maudhui, tunatafuta dhamira, tunahesabu tamathali za usemi, kisha tunafunga daftari. Ni mara chache tunauliza: mtu huyu, alipokuwa akitunga, aliketi na nani? Nani alimsikia kwanza? Nani alimwambia kwamba ubeti wa tatu unachechemea? Katika makala haya tunakusudia kuliuliza swali hilo, na kuliuliza juu ya aina moja tu ya msanii, yaani yule aliyefika katika mji asimojulikana, akalazimika kulitafuta baraza la kuketi au kulijenga kwa mikono yake.

Neno baraza tunalitumia kwa makusudi. Katika miji ya pwani, baraza ni lile benchi la mawe lililojengwa pamoja na nyumba, na ndipo mashairi yalipojibizana kabla ya kufika gazetini. Mshairi aliyezaliwa Lamu au Mombasa hakuhitaji kuwatafuta wenziwe. Alifumbua macho akawakuta. Lakini Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Lubumbashi ni miji ya wahamiaji, na asilimia kubwa ya sanaa yake imefanywa na watu ambao walishuka garini na fungu la nguo. Riwaya zetu zimemwandika sana mgeni wa mjini: yule anayetafuta kazi, yule anayepotoshwa na ulevi, yule anayerudi kwao akiwa mgonjwa. Hata Shaaban Robert, katika Utubora Mkulima, alimwona shujaa wake atapata utulivu shambani kuliko mjini. Mgeni anayefika na daftari la mashairi kwapani, akauliza watunzi wanakutana wapi, huyo ni nadra kumwona katika vitabu vyetu. Basi na tumtafute nje ya vitabu.

Tuanze na mtu anayejulikana na wengi, ingawa tunaona kwamba hajasomwa vizuri. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania, katika miaka ya 1930. Kama vijana wengi wa kusini alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na baadaye akafika Dar es Salaam, ambako alifanya kazi za kubahatisha pamoja na utumishi wa nyumbani. Mwaka 1968 akaanza kuchora picha juu ya vipande vya mraba vya ubao mwepesi, ule wa kujengea dari, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Picha zikauzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni wa kizungu walikuja kununua mahitaji yao. Hapana chuo kilichomfunza, wala ukumbi uliomwalika. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa. Kazi yote ya jina lake, basi, ni ya miaka minne.

Sasa tujiulize: alipata wapi jamii ya sanaa? Jibu ni kwamba hakuipata. Alichokipata Dar es Salaam kilikuwa ni ndugu, jamaa na watu wa kwao, Wamakua na wenzao wa kusini, waliokuwa wakihangaikia kula kama yeye. Akawafanya hao kuwa jamii ya sanaa. Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde: hawa walikuwa wanafunzi wake wa kwanza, na mlango waliouingilia ulikuwa udugu na ujirani, wala si mtihani. Aliyefika hakuulizwa ana kipaji gani. Alipewa brashi, akaanza kwa kujaza rangi ya nyuma ya picha, na kadiri mkono wake ulivyokomaa akaruhusiwa kumchora mnyama mwenyewe. Alipokufa mwenye jina, wenzake hawakutawanyika. Waliendelea kukaa pale pale, mwaka 1977 wakaunda ubia wao, na mwaka 1990 ukawa chama cha ushirika.

Hapa ndipo uhakiki unapoanza, maana karakana hii iliishi kwa kunakili. Chui wa fulani alichorwa na mwingine, ndege wa mwingine akarudiwa mara mia, na madoa yale yale yakaenea ubao hadi ubao. Wako wanaosema kwamba hiyo si sanaa bali ni biashara ya watalii. Hoja hiyo ina uzito, na hatutaki kuikwepa: tazama picha ishirini zilizopangwa ukutani, utaona uvivu mwingi wa jicho. Lakini zitazame picha za mwanzo, zile ambazo mnyama mmoja anaujaza ubao wote, kichwa kikigusa ukingo huu na mkia ukigusa ule, na nyuma yake hamna kitu ila rangi moja tulivu. Mnyama yule ana upweke na adhama. Haringi, wala hakimbii. Tunaona kwamba ni mnyama aliyechorwa na mtu aliyemkumbuka kutoka mbali, na kwamba mchoraji aliyebaki Tunduru huenda asingemchora hivyo.

(Tuseme neno pembeni kwa walimu. Mwanafunzi wetu mmoja, alipoambiwa aandike insha juu ya picha za tingatinga, aliandika kurasa mbili juu ya mtambo wa kusukuma udongo. Hatukumkata alama nyingi. Ni wachache mno ambao jina lao limekuwa nomino ya kawaida katika lugha, na huyu amelazimika kugawana nomino yake na mtambo.)

Kinyume cha Tingatinga ni Elimo Njau. Yeye alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, akasomea uchoraji hapa kwetu Makerere, akachora picha kubwa za ukutani katika kanisa la Murang'a, kisha akafanya makao Nairobi. Huko alimkuta mgeni mwenzake, Ezekiel Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, ambaye mwaka 1963 aliasisi kituo cha utamaduni kilichoitwa Chemchemi. Njau aliongoza huko upande wa uchoraji, na mwaka 1965 yeye na wenzake wakafungua nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa. Njau anajulikana kwa jambo moja kupita yote: aliwakataza wasanii kunakili. Kwake yeye, kunakili ni kumlaza Muumba usingizi.

Tuiweke mizani mbele yetu. Dar es Salaam kuna karakana iliyomwambia mgeni: nakili, nawe utakula pamoja nasi. Nairobi kuna nyumba iliyomwambia mgeni: usinakili, leta kilicho chako. Kwa nadharia sote tungeinua mkono kwa Nairobi. Lakini mgeni aliyefika jana hana kilicho chake cha kuonyesha. Ana njaa, na lafudhi inayochekwa. Kunakili kwake ni kama kujifunza salamu za mji. Mlango wa Njau ulikuwa mzuri, ila ulimtaka mtu awe msanii kabla ya kuingia. Mlango wa Tingatinga uliingiza hata asiyekuwa msanii, na wengine kati yao walikuja kuwa wasanii kweli. Kosa la karakana, kwa maoni yetu, halikuwa kuanza na kunakili. Kosa lilikuwa kwamba wengi hawakuambiwa siku ya kuacha.

Juu ya jina Paa ya Paa walimu wataruhusu tucheze kidogo. Tafsiri iliyozoeleka ni kwamba paa, yule mnyama, anapaa juu. Mwalimu wa sarufi atasema ingefaa kuwa paa anapaa, kwa kuwa mnyama huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza. Lakini washairi wa zamani hawakujifunga hivyo kila mara, na mtu akiyaunganisha maneno mawili ya mwisho atapata yapaa, na paa yapaa ni Kiswahili kinachoweza kusimama katika shairi. Asiyeyaunganisha atasoma paa la nyumba likatajwa pamoja na mnyama, na hilo nalo linafaa kwa nyumba inayowafunika wageni. Ni jina tamu. Hata hivyo, kazi nyingi za maandishi zilizotoka katika duru zile za Nairobi ziliandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilitoa jina la mlangoni, ndani kikabaki kusimama. Zaidi ya hayo, Chemchemi ilitegemea fedha za Congress for Cultural Freedom, na mwaka 1967 ulimwengu ulikwisha kujua kwamba shirika hilo lilikuwa likifadhiliwa kwa siri na idara ya ujasusi ya Marekani. Hatusemi kwamba Mphahlele alijua. Tunasema kwamba baraza la mgeni likijengwa kwa fedha ambazo hajui zinatoka wapi, siku moja ataulizwa, na kazi yake safi itaulizwa pamoja naye. Paa ya Paa iliwapita wafadhili wengi kwa umri. Hata moto wa mwaka 1997 ulioteketeza sehemu kubwa ya mali yake haukuizima.

Lubumbashi tutapita haraka. Huko, ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha mwaka 1946 karakana iliyojulikana kama Hangar. Ndani yake walifanya kazi Bela, aliyetoka mbali upande wa Chad na aliyekuwa mtumishi wake, pamoja na Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Picha zao ni nzuri mno: samaki wa Pilipili wanaogelea katika rangi kana kwamba ubao ni maji. Lakini jamii ile ilikuwa ya bwana mmoja. Yeye alitoa rangi, yeye aliita, na alipokufa mwaka 1954 karakana yenyewe ilikwisha. Linganisha na karakana ya Dar es Salaam iliyoendelea baada ya mwenye jina kuzikwa. Na linganisha tena na Tshibumba Kanda Matulu, mtoto wa Lubumbashi yenyewe, ambaye katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake katika picha zaidi ya mia moja na kuzieleza kwa Kiswahili cha Shaba. Huyu baraza lake lilikuwa milango ya watu: alibeba picha, akabisha hodi, akaeleza. Tunamtaja ili kukumbusha kwamba Kiswahili kile, ambacho sisi wenye vitabu vya sarufi tunakikunjia uso, kiliweza kuibeba historia ya taifa zima.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa muziki. Ramadhani Mtoro Ongala, aliyejulikana kama Remmy, alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, katika nchi ya Maniema, mashariki ya Kongo. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kwa mwito wa mjomba wake, Mzee Makassy, aliyekuwa na bendi yake. Hakuwa wa kwanza. Maquis, kwa mfano, walikwisha kutangulia kutoka Shaba. Kwa mgeni, bendi ni baraza lililokamilika kuliko yote: lina kiti chake, lina mshahara wake hata ukiwa mdogo, lina ratiba ya mazoezi, na kila usiku lina wasikilizaji ambao wakichoshwa huketi. Hapana nyumba ya sanaa inayomfundisha mgeni upesi namna hiyo.

Remmy alikuja na Kiswahili cha Maniema. Wataalamu wa lugha wangeweza kumpa orodha ndefu ya masahihisho. Watu wa Dar es Salaam walimpa cheo cha Dokta. Baada ya Makassy alijiunga na Matimila, ambayo ilikuja kuitwa Super Matimila, na huko ndiko alikotunga nyimbo zilizomfanya awe sauti ya maskini wa mji ule. Tunapozichunguza kwa fani tunaona kwamba si nyimbo za kibwagizo na mapambo. Ni mazungumzo marefu. Anauliza, anajijibu, anataja watu wa kila tabaka, gitaa likizunguka chini yake kama mtu anayeitikia. Katika wimbo wake Kifo anazungumza na mauti ana kwa ana, kama jirani mwenye ugomvi na jirani. Wimbo wa Mambo kwa Soksi, wa mwaka 1990, uliwahimiza watu kutumia mpira wa kinga wakati wa UKIMWI, na Radio Tanzania haikuupiga. Watu waliusikia hata hivyo. Tunaamini kwamba ugeni wake ulimsaidia hapa. Mwenyeji ana mashemeji na wakwe wa kuwaonea haya. Mgeni aliyekwisha kupendwa ana uhuru ambao mwenyeji hana, na Remmy aliutumia. Alifariki Desemba 2010. Katika mtaa wa Sinza kuna mahali panapoitwa kwa Remmy, na makondakta wa daladala walilitamka jina hilo kila siku pasipo kufikiri kwamba lilitoka Kindu.

Baada ya mifano hiyo ya wakubwa, msomaji ataturuhusu tulete mfano mdogo wa karibu, maana makala haya yalianzia hapo.

Tulihamia Kampala mwaka 2009 kutoka shule ya wilayani, magharibi mwa Uganda. Tulikuwa na stashahada ya ualimu, kitanda, na madaftari mawili ya mashairi ya Kiswahili. Kampala si mji maskini wa sanaa. Jumba la Taifa la michezo ya kuigiza limesimama tangu 1959, kikundi cha ngoma cha Ndere kimekuwapo tangu 1984, na waandishi wanawake wa FEMRITE, chama kilichoanzishwa 1995, waliweka utaratibu wa kukutana Jumatatu jioni na kusomeana kazi, nasi tulijifunza mengi kwa kusikiliza tu. Tatizo lilikuwa letu: daftari letu lilikuwa la Kiswahili. Msomaji aliye nje ya Uganda labda hajui uzito wa neno hili. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa watu wengi wa Buganda lugha hii ilibaki na harufu ya bunduki na amri ya kulala chini. Katiba ilikifanya kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima, lakini katiba haiwezi kuondoa harufu. Mtu akikuuliza kazi yako ukasema unatunga mashairi ya Kiswahili, alikutazama kana kwamba umesema unafuga chatu.

Mwishowe tulikisikia kikundi cha walimu kilichokutana Jumamosi katika darasa tupu. Hatutakitaja, kwa kuwa sisi wenyewe tu mojawapo ya nguzo zake hadi leo. Siku ya kwanza tuliulizwa chuo tulichosoma kabla ya kuulizwa jina. Kisha tuliposoma shairi letu, mzee mmoja alihesabu mizani kwa vidole, akatangaza kwamba mstari mmoja una mizani kumi na saba. Hayo ndiyo yaliyosemwa juu ya shairi lile: kumi na saba. Tulirudi nyumbani tumefedheheka, tukapunguza silabi, Jumamosi iliyofuata tukarudi. Tulikuwa na stashahada, tuliweza kurudi.

Mwaka 2018 alikuja kijana kutoka Ituri. Mwaka ule watu wengi walikuwa wakiivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi wakikimbia mauaji ya Djugu. Alikuwa amesikia, hatujui kwa nani, kwamba kuna watu wanaosoma mashairi. Akasoma lake. Lilikuwa halina vina, mistari yake ilikuwa mirefu na mifupi, na lilizungumza juu ya usiku mmoja ndani ya mtumbwi. Mama amemfunika mtoto kwa kitenge ili asiamke na kulia. Vita havitajwi hata mara moja. Kuna maji, kuna kitenge, kuna mwanamume anayehesabu watu kwa mkono gizani. Mtunzi aliandika batu badala ya watu, na mtoto alimwita katoto.

Tulimshika. Mmoja wetu alimweleza ngeli ya kwanza na ya pili. Mwingine alimweleza kwamba Kiswahili sanifu hakina kiambishi ka- cha udogo, aseme kitoto. Nasi, tunaona haya kuandika, tulimweleza juu ya mizani kumi na sita, nane kwa nane. Alisikiliza kwa adabu, akaandika yote, akasema, "Asante sana, walimu." Hakurudi.

Leo tunaweza kuifanya tahakiki ambayo tulipaswa kuifanya siku ile. Neno kitoto, katika masikio ya wengi, lina dharau au mzaha ndani yake. Ni mtoto mdogo kupita kiasi, au tabia isiyokomaa. Kiambishi ka- kinaishi katika lugha za majirani zetu wote: Mganda anasema akaana, Wanyankole nao wana chao. Katika masikio ya Afrika ya kati katoto ni mtoto anayebebeka, mwepesi, anayeweza kuanguka majini. Shairi lile lilihitaji neno hilo hilo. Kuhusu vina, mtu anayehesabiwa gizani hapumui nane kwa nane. Euphrase Kezilahabi alikwisha kuleta mashairi yasiyo na vina tangu 1974 katika diwani ya Kichomi, na sisi tunalifundisha jambo hilo darasani kila muhula kwa ajili ya mtihani. Kijana alipolileta hai mbele yetu, tulilitoa nje.

Mwaka 2022 tulipeleka suruali kushonwa kwa fundi Mkongomani karibu na Katwe. Ilikuwa jioni, cherehani zimefunikwa, na ndani mlikuwa na watu kumi na wawili hivi, gitaa moja, na birika la chai. Kijana yule alikuwa amesimama anasoma. Alitutambua mara moja. "Mwalimu, karibu. Keti hapa," akasema, akatupa kigoda cha fundi. Hapakuwa na swali la chuo. Alisoma lile lile la mtumbwi, na tulisikiliza kwa sikio la mwenye deni. Batu alikuwa amebadilisha. Sasa alisema watu, na kwa kweli mstari umetulia zaidi. Katoto alikuwa amemwacha kama alivyokuwa. Basi alikuwa ametusikia, akachukua kilichomfaa, akaacha kisichofaa, jambo ambalo ni wahakiki wachache wanaoweza kulifanya.

Kisha wakatutaka nasi tusome. Tulikuwa na shairi moja mfukoni, beti saba juu ya umoja wa Afrika Mashariki, mizani kumi na sita kila mstari, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawasawa. Walipiga makofi ya heshima. Mama mmoja mzee aliyekuwa akimenya ndizi pembeni akauliza, "Mwalimu, na huyu mutu wa shairi yako, alikula nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulilipitia shairi letu njiani hadi nyumbani, beti zote saba, na kweli hapakuwa na mtu aliyekula, wala aliyelala, wala aliyeumwa jino. Kulikuwa na mataifa yanayoshikana mikono.

Tangu hapo tunakwenda kwa fundi Alhamisi, na Jumamosi kwenye darasa letu. Tumependekeza katika kikundi chetu kwamba mgeni asisahihishwe siku ya kwanza, na kwamba swali la kwanza liwe juu ya aliyemo ndani ya shairi. Wenzetu wawili wamekubali, mzee wa vidole bado anafikiri. Kwa fundi tumeambiwa tulete shairi jipya. Tumefika ubeti wa pili. Mtu wetu amekula muhogo na dagaa, mstari huo una mizani kumi na saba, na tumeuacha hivyo kwa sasa mpaka mama atakapousikia.